Plaki ndogo iliyokula likelemba yetu

Wengi wenu mmetuuliza njiani na sokoni: ile konjelateri ya kikundi imefika wapi? Leo nitawaambia yote, hata yale yanayotutia haya. Vikundi viwili, kimoja cha Beni na kimoja cha hapa Butembo, vimetutumia habari kwamba vinataka kununua vyombo vya umeme vya okazyo. Kabla hawajahesabu dola, wasome kwanza hii.

Sisi tuko mama 14 hapa Bulengera. Tulichanga miezi saba. Mpango ulikuwa mzuri: kugandisha maji ya marakuja na kuwauzia watoto wanapotoka masomo. Tukapata konjelateri iliyotoka Marekani, ikapita Mombasa, Kampala na Kasindi, bei nafuu, ingali nyeupe kabisa. Nyuma yake chini, karibu na mota, palikuwa na plaki ndogo ya chuma imeandikwa 115 V, 60 Hz, 5 A. Hakuna aliyeinama kuisoma. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyetuambia: "Mama, hii ni ya umeme mdogo, lakini si shida, mnatia transfo tu." Akatuuzia na transfo, kisanduku cheusi chenye karatasi ya 500 W, dola 25.

Siku mbili ilifanya kazi vizuri. Siku ya tatu jioni mweka hazina wetu alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani ni jirani anachoma takataka. Alipoingia chumbani moshi ulikuwa umefika kwenye mabati. Alichomoa prize kwa fimbo ya fagio. Namshukuru Mungu kwamba mtoto wake aliyekuwa amelala chumba cha pili hakuvuta ule moshi kwa muda mrefu.

Tulimwita kijana mmoja fundi wa umeme wa kartie. Aliifungua ile transfo mbele yetu, tukaona nyaya nyeusi kama makala. Nikamuuliza kama tuliuziwa kitu kibovu. Akacheka kidogo kwa heshima. "Mama, transfo haina kosa kubwa. Mmeibebesha mzigo wa chukudu, yenyewe ni kikapu."

Basi akakaa, tukamletea chai, akatufundisha. Yale mengine niliyatafuta mwenyewe baadaye.

Ndani ya transfo hakuna kitu kinachozunguka. Hakuna mota wala betri. Kuna chuma, mabamba membamba yaliyobanwa pamoja, na juu ya chuma hicho nyaya za shaba zimezungushwa mara nyingi kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Bobini moja inapokea umeme, ya pili inautoa. Kwa kawaida hizo mbili hazigusani. Umeme wa nyumbani haupiti upande mmoja tu, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja, ndiyo maana ya 50 Hz. Kila unapokwenda na kurudi, ile bobini ya kwanza inakifanya chuma kuwa sumaku, inaigeuza, inaigeuza tena. Na sumaku inayobadilika hivyo inaamsha umeme katika bobini ya pili. Michael Faraday aliliona jambo hili huko London mwaka 1831. Lakini transfo ya kazi kweli, kama hizi za leo, ilitoka Budapest mwaka 1885, mikononi mwa watu watatu: Zipernowsky, Bláthy na Déri.

Ule mvumo unaousikia chini ya transfo ya avenyu ni chuma chenyewe kinachotetemeka kwa kugeuzwa sumaku namna hiyo. Mvumo wa kila siku si hatari. Ukibadilika ghafla kuwa wa kukwaruza au kupasuka, hiyo ni habari nyingine.

Sasa hesabu yake, nayo ni nyepesi kuliko hesabu ya likelemba. Hesabu mizunguko ya waya. Ikiwa bobini ya kwanza ina mizunguko 400 na ya pili 200, basi ukiingiza 220 V unapata 110 V. Nusu ya mizunguko, nusu ya volti. Ukigeuza, inapandisha badala ya kushusha. Lakini transfo haizai umeme. Volti zikishuka nusu, ampere zinaongezeka mara mbili. Kazi inayotoka haiwezi kupita ile iliyoingia, na kidogo kinapotea kama joto. Fundi alitupa mfano wa maji: volti ni kimo ambacho maji yanaanguka kutoka, ampere ni wingi wa maji yanayopita. Ukizidisha moja kwa nyingine unapata nguvu.

Hapo mmoja wetu akauliza swali zuri: kama nyumbani tunatumia 220 V, kwa nini kule juu ya nguzo wanaweka maelfu ya volti, kitu cha kuua? Si wangetuletea moja kwa moja ile tunayohitaji?

Chukueni mfano wa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori. Tangu 2013 maji ya mto Butahu yanazungusha mashini za umeme huko, kazi iliyoanzishwa na mbuga ya Virunga. Mwanzoni ilikuwa kama wati 400,000, na humo kukapatikana hata kiwanda cha sabuni ya mawese. Sasa tuseme unataka kupeleka wati 20,000 tu hadi kijiji cha mbali, kwa waya ambayo ukinzani wake ni omu 1. Ukizipeleka kwa 200 V (naweka 200 ili hesabu iwe rahisi), waya itabeba ampere 100. Hasara ya njiani ni ampere mara ampere mara ukinzani: 100 mara 100 mara 1, yaani wati 10,000. Nusu ya umeme wako imebaki njiani ikipasha ndege miguu. Lakini ukizipeleka kwa 20,000 V, waya inabeba ampere 1 tu, na hasara ni wati 1. Wati moja! Ndiyo maana transfo moja inapandisha volti pale umeme unapozaliwa, na nyingine inazishusha karibu na nyumba zenu, hadi 400 V kwa mashini kubwa na 220 V kwa taa na frigo.

Na ndiyo maana vilevile waya wa juu haufai kuzoewa. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa volti nyingi ulikatika ukaanguka pale watu walipokuwa wakiuza na kununua, na chini palikuwa na maji. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wa soko. Walikuwa wamekuja kutafuta chakula cha watoto kama sisi. Kila ninapopita mahali ambapo meza za nyanya zimepangwa chini ya waya mkubwa, nawaza siku ile. Waya ukianguka, usiende kumvuta aliyeguswa, hata akiwa mtoto wako. Ardhi yenyewe inayouzunguka inaweza kuwa na umeme, hasa ikiwa na maji. Kaa mbali, zuia wengine, piga simu wakate umeme.

Turudi kwenye transfo ya avenyu, ile ya nguzoni au ya kabini. Nayo ina plaki. Utasoma volti zinazoingia, volti zinazotoka, halafu namba yenye herufi kVA: 50, 100, 160, 250 na kuendelea. Hiyo kVA ndiyo kimo cha mzigo wake. Kwa nini hawaandiki kilowati kama kwenye resho? Mimi nilielewa kwa maharagwe. Ukimtuma kijana shambani akuletee maharagwe yangali kwenye maganda, kapu lazima litoshe maganda na maharagwe pamoja, ingawa utakachopika ni maharagwe tu. Kilowati ni maharagwe, kVA ni kapu lote. Resho na pasi hazina maganda: wati zao na VA zao ni sawa. Lakini mota ya frigo, ya mashini ya kusaga, ya kuchomelea vyuma, zinakuja na maganda mengi. Transfo inabeba yote, kwa hiyo inapimwa kwa kapu.

Sasa hesabuni na mimi. Transfo ya 100 kVA, ukitoa maganda, inaweza kutoa kama kilowati 90. Nyumba 100 zimeunganishwa. Kila nyumba ina taa tatu za wati 10, televisheni ya wati 80, frigo ya 120 na simu mbili zinazochajiwa: jumla haifiki wati 250. Nyumba zote 100 ni kilowati 25 hivi. Transfo inapumua vizuri. Lakini saa kumi na mbili na nusu jioni mama 60 wakiwasha resho ya wati 1,500 kila mmoja, hiyo peke yake ni kilowati 90. Ongeza taa, ongeza yule jirani anayechomelea milango. Volti zinashuka, taa zinakuwa nyekundu, mwishowe fyuzi inakatika na kartie yote inalala gizani. Kule Beni, ambako taa ya njiani usiku si mapambo, giza hilo lina uzito wake.

Simlaumu mama anayepika kwa resho. Makala ni ghali, moshi unaua, na msitu wa Virunga umechomwa vya kutosha. Ila transfo haijui sababu zetu. Joto ndilo adui yake. Karatasi na mafuta vinavyofunika shaba ndani vinazeeka kwa joto: wataalamu wanahesabu kwamba kila digrii 6 hadi 10 zinazozidi kipimo chake, maisha ya karatasi hiyo yanapungua nusu. Transfo iliyotengenezwa kudumu miaka 30 inaweza kufa katika michache. Na wale wanaojiunganisha usiku kwa waya wa kuiba wanaongeza mzigo usioandikwa popote, kwa hiyo hata kampuni ikitaka kuleta transfo kubwa zaidi haijui ilete ya ukubwa gani.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka mashini ya kusaga kifanye jambo moja kabla ya kununua: kiende kuuliza kampuni ya umeme transfo yao ni kVA ngapi na bado ina nafasi ya ngapi. Mashini ya farasi 10 ni kilowati 7.5, na inapowaka, kwa sekunde chache inaweza kuvuta mara sita ya hapo. Kama nafasi haipo, mtagombana na kartie nzima kila mkisaga, na unga hautatoka. Jibu waombeni kwa maandishi.

Kuhusu mafuta. Transfo kubwa zimejaa mafuta yanayopoza shaba na kuzuia umeme usiruke. Nchini Kenya wezi wamekuwa wakitoboa transfo na kuyaiba, na magazeti yaliandika kwamba mengine yaliuzwa kwa wakaanga vyakula wa njiani, kwa sababu yanavumilia moto muda mrefu kabla ya kubadilika. Mama, haya si ya kukaangia mandazi! Wala si ya kupaka kidonda au ngozi ya mtoto, kama wengine wanavyofanya. Katika transfo za zamani, zile za kabla ya miaka ya 1980, mafuta mengine yana sumu iitwayo PCB, ambayo inakaa mwilini miaka mingi na kupita hadi kwenye maziwa ya mama. Mataifa yalikubaliana huko Stockholm mwaka 2001 kuziondoa. Ukiuziwa mafuta ya kupikia ya bei ya ajabu, yasiyo na chupa wala jina, jiulize yametoka wapi. Na ukiona transfo inadondosha, waite wenye nayo, wazuie watoto kucheza pale, usikinge debe.

Sasa nirudi kwenye kisanduku chetu cheusi. Plaki ya konjelateri ilisema 115 V na 5 A. Zidisha: 575. Karatasi ya transfo ilisema 500. Mtoto wa darasa la nne angetuambia haitoshi, na sisi tuko mama 14 tunaohesabu faida ya vitenge kwa kichwa! Na hiyo ni wakati mota inaendelea tu. Inapoanza, inaweza kuvuta mara tano kwa muda mfupi, karibu 2,900 VA. Transfo nzuri inavumilia mshtuko wa namna hiyo ikiwa imetengenezwa na nafasi. Fundi alisema kwa mota kama ile angetia ya 2,000 VA. Kwa kitu kisicho na mota, kama resho ndogo ya kuchemshia maji, inatosha kuongeza robo juu ya kilichoandikwa.

Tena ile 500 yenyewe ilikuwa ya karatasi iliyobandikwa. Chuma na shaba vina uzito. Ukibebeshwa transfo ya 1,000 W nayo ni nyepesi kama vipande viwili vya sabuni, mwenye duka amekuuzia karatasi. Siku hizi mimi naanza kwa kupima kwa mkono, wauzaji wananishangaa.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulijua au hakulisema. Transfo inabadilisha volti, haibadilishi hetzi. Plaki ilisema 60 Hz, hapa kwetu ni 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60 ikipewa 50 inazunguka polepole zaidi na inapata joto zaidi, hata kama volti ni zile zile. Kwa hiyo hata tungenunua transfo kubwa, konjelateri ile ingechoka mapema. Taa, pasi na resho hazijali hetzi, mota zinajali. Chaja za simu na za kompyuta nyingi zimeandikwa INPUT 100-240 V, 50/60 Hz: hizo zinakula popote, hazihitaji transfo. Vyombo vya Japani ndivyo vya kuangalia kwa macho mawili, kwa sababu huko wanatumia 100 V, na mashini zao za kupikia wali zinafika kwetu nyingi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220 V inakula nguvu karibu mara tano ya kipimo chake. Utasikia "pa!" tu.

Mama mmoja wa Beni aliniuliza kama anaweza kuunganisha transfo kwenye betri ya sola ili apate 220 V. Hapana. Umeme wa betri unakwenda upande mmoja, haugeuki, kwa hiyo sumaku haibadiliki na bobini ya pili haipati kitu. Bobini ya kwanza itaungua. Inatakiwa kwanza konvertisa, ambayo inaufanya umeme wa betri uende na kurudi. Jambo hilohilo linaonekana kwa ukubwa wake katika nchi yetu: waya unaotoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilometa 1,700, unabeba 500,000 V za umeme usiogeuka, tangu miaka ya 1980. Unapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Watu wanauliza kwa nini hawawekewi transfo pale chini. Transfo peke yake haiwezi. Inahitajika stesheni nzima ya kugeuza umeme, ya mamilioni mengi ya dola. Kwamba hakuna aliyewapelekea umeme kwa njia nyingine miaka yote hii, hilo si kosa la transfo.

Na stabiliza? Ni transfo pia, yenye vituo vingi kwenye bobini moja, inayochagua chenyewe cha kupandishia au kushushia. Inafaa kwa frigo pale volti zinapocheza. Lakini inapopandisha 160 V hadi 220 inavuta ampere zaidi kutoka kwenye waya wa avenyu. Nyumba zote zikiwa na stabiliza, waya unazidi kulegea. Hilo lilinichekesha: kila mmoja anajiokoa, wote tunazama pamoja.

Muuzaji alikubali kurudisha dola 15 kati ya 25 za transfo. Konjelateri hakuipokea. Tumeanza kuchanga tena, safari hii kwa ya 220 V, 50 Hz, na fundi ameahidi kuja nasi dukani na kupiga magoti mwenyewe asome plaki kabla mweka hazina hajafungua mkoba. Ile ya Marekani bado iko kwake Bulengera. Kifuniko chake kinafunga vizuri sana. Tunaweka unga wa muhogo ndani, na panya hawajaweza kuingia.